Kabla ya Kusema Ndiyo

Kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, sheria ya korosho ilitufikia kwa njia ya makato. Hukuisoma, wala hukuisikia ikijadiliwa. Uliiona siku ya malipo kwenye karatasi ya chama cha msingi cha ushirika: kilo zako, bei ya mnada, kisha makato mstari kwa mstari, na chini kabisa kile kilichobaki. Ukiuliza, unaambiwa ndivyo sheria inavyosema. Nani aliipitisha, na alimuuliza nani kabla ya kuipitisha, hapakuwa na wa kukujibu.

Utotoni mwangu mbunge alikuwa mtu wa mkutano wa mwembeni. Gari linafika, ngoma zinalia, wazee wanapewa viti vya mbele. Atazungumzia maji, barabara na zahanati, kisha huyo anaondoka. Sikumbuki muswada hata mmoja ulioletwa pale. Televisheni ilipoingia tukaanza kumwona akiwa bungeni Dodoma, na watu walijazana kwenye kibanda chenye umeme kusikiliza. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Tangu hapo habari za Dodoma zikawa zinatujia kwenye simu, vipande vipande.

Nilichokiona Juni 2018 hakijanitoka. Ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ulikuwa umegawanywa kisheria: asilimia 65 irudi kuliendeleza zao, asilimia 35 iende Mfuko Mkuu wa Hazina. Fungu lile la kwanza ndilo lililogharamia pembejeo, miche na utafiti wa kituo cha Naliendele. Muswada wa Sheria ya Fedha ukataka fedha zote za ushuru huo ziende Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini wakaja juu, na hotuba zao zikatua kwenye makundi yetu ya WhatsApp jioni ile ile.

Juni kwetu ni mwezi wa kupuliza salfa. Mikorosho inaanza kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga ukikuwahi, msimu umekwenda. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, kitambaa bado kimefungwa puani, unga wa njano umeganda kwenye nyusi. Mdogo wangu akamwekea simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Muulizeni mheshimiwa, salfa ya mwakani tutaipata wapi?" Mdogo wangu akairekodi sauti ile na kuituma kwenye kundi la jimbo. Jibu lilipokuja, muswada ulikuwa umeshapita.

Msimu huo ulikuwa mgumu. Wanunuzi walitaja bei za chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakulima wakagoma kuuza, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi litabeba mzigo. Mavuno yaliyokuwa yamevuka tani 300,000 msimu uliotangulia yalishuka hadi takriban tani 225,000. Yote hayo tuliyafuatilia kwenye simu. Tulikuwa na habari nyingi kuliko wazazi wetu walivyowahi kuwa nazo, lakini zilitufikia wakati uamuzi umeshafanyika.

Mabadiliko ninayoyathamini yalikuja baadaye, na hayakuletwa na simu peke yake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kisha mbunge wetu akaanza utaratibu mwingine. Muswada ukiwa bado kwenye kamati, anapiga picha ukurasa wenye kifungu kinachotuhusu, anautuma kundini na kuusindikiza na sauti yake: kifungu kinasema hivi, ninyi mnasemaje? Majibu mengi yanakuja kwa sauti, kwa sababu wazee wetu wanasema vizuri kuliko wanavyoandika, na Kimakonde kinachanganyika humo humo. Mmoja anauliza pembejeo za ruzuku zitagawiwa kwa daftari lipi, maana lililopo lina majina ya marehemu. Mwingine anataka kujua nani atakagua mizani ghalani. Mengine mbunge anayajibu, mengine anasema atayapeleka kwenye kamati. Katibu wa chama cha msingi huzicheza sauti hizo mkutanoni kwa ajili ya wenye kitochi na wasio na bando.

Si kila tunachosema kinakubaliwa, na sitarajii iwe hivyo. Lakini siku ya malipo, mstari wa makato ukionekana, watu wanajua ulitoka kifungu gani na mbunge wao alisema nini juu yake. Wanamuuliza kwa hoja, naye hawezi kukwepa.

Nawaomba wabunge wengine wa majimbo ya wakulima walitilie hili maanani. Kipande cha video cha mbunge anayefoka bungeni kinasambaa haraka, na watu wanakipenda, lakini hakimpi mkulima nafasi ya kusema neno. Kifungu chenyewe, kikitumwa mapema, kinampa nafasi hiyo. Sheria ya Fedha hupitishwa mwishoni mwa Juni na kuanza kazi Julai Mosi, wakati mkulima wa korosho yuko shambani na bomba mgongoni. Hawezi kwenda Dodoma. Basi muswada uletwe kwake, usomwe kwa sauti, na aulizwe kabla mbunge wake hajasema ndiyo kwa niaba yake.