Mwendo wa Aliye Nyuma

Akina mama wenzetu, wengi wetu husafiri kwa haraka. Tukienda msibani, harusini au kliniki, macho yako kwenye saa. Mwezi Agosti 2022 Mungu alitujalia kusafiri polepole, kwa miguu, katika milima ya Alpi kusini mwa Uswisi. Tunapenda kuwasimulia siku moja tu ya safari hiyo, kwa sababu siku hiyo tulikosa, na kosa lile limetufunza.

Tulikuwa wanne kutoka Kilimanjaro, wageni wa usharika rafiki. Watatu ni wa makamo. Wa nne ni mama yetu mwenye miaka 66, mjane. Kutoka mji wa Martigny tulipanda treni ndogo hadi Orsières, kisha basi hadi kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, mita 1,632 juu ya usawa wa bahari. Hapo huanza njia ya miguu ipandayo hadi Grand-Saint-Bernard, mita 2,469, mpakani na Italia. Mama mwenyeji wetu, ambaye nyonga yake haimruhusu kupanda, alitangulia na basi pamoja na mizigo yetu. Alituachia neno moja: tutembee pamoja.

Njia hiyo ni ya kale sana. Warumi waliitumia. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipita huko akirudi kutoka Roma. Mei 1800 Napoleon alivusha askari wapatao 40,000, theluji ikiwa bado mlimani. Tangu mwaka 1964 magari hupita katika handaki chini ya mlima, hivyo juu kuna utulivu.

Jambo lililotupendeza ni vibao vya njano vya njiani. Havikuandikwa kilomita, bali muda wa kutembea. Chetu kilionyesha mwendo wa zaidi ya saa nne. Tulipita kando ya bwawa la Toules, kisha malisho yenye maua madogo na ng'ombe weusi wafupi, wenye kengele shingoni, ambao hupigana pembe kwa pembe kutafuta nani awe kiongozi wa kundi. Kila tuliyekutana naye alitusalimu, kama ilivyo kijijini kwetu.

Ilipofika saa sita mchana sisi watatu tulikuwa tumemwacha mama yetu nyuma. Hatukukusudia. Tulikuwa na mazungumzo matamu, miguu ilikuwa na nguvu, na kila tulipogeuka tulimwona akija. Tukasema, "Atatukuta juu." Baadaye tuliingia bonde jembamba ambalo wenyeji huliita Bonde la Wafu, kwa sababu ya wasafiri waliofia humo katika maporomoko ya theluji. Hapo ukungu ulishuka, na manyunyu pamoja nao. Tulipogeuka, hatukumwona mtu.

Tuliita. Hakuna aliyejibu. Tukarudi chini tukishikana mikono, kila mmoja akisali kimoyomoyo. Mmoja wetu ni muuguzi wa miaka mingi, na wodini hajawahi kumwacha mgonjwa peke yake kwa namna ile.

Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, sweta limelowa, anatetemeka na maneno yanamtoka kwa shida. Baridi ilikuwa imeanza kumwingia mwilini. Kwa mtu wa hali hiyo haifai kumsugua mikono kwa nguvu. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamvika kavu zetu, tukamfunika kichwa, tukamkumbatia katikati yetu, na kumnywesha chai tamu ya chupa kidogo kidogo. Baada ya muda kutetemeka kukapungua, akasema, "Wanangu, niliwaita. Hamkusikia."

Tulimwomba radhi. Akatusamehe, ila akaongeza neno lililotuchoma: "Hata nyumbani ni hivyo. Tangu mzee afariki, kila mtu ananipenda, lakini kila mtu ana haraka."

Kutoka hapo yeye alitangulia, sisi tukafuata. Akisimama, tunasimama. Kwa mwendo huo tuliona tuliyokuwa tumeyapita bila kuyaona: kijito chini ya mawe, alama nyeupe na nyekundu zilizopakwa miambani, na hatimaye, ndani ya ukungu, kuta kubwa za nyumba ya wageni.

Nyumba hiyo ilianzishwa yapata mwaka 1050 na Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, kwa ajili ya wasafiri waliokuwa wakifa kwa baridi au kuvamiwa na wanyang'anyi. Watawa wake hupokea wageni mwaka mzima, hata majira ya baridi barabara inapofungwa na wageni kufika kwa kuteleza juu ya theluji. Mbwa wakubwa wa Saint-Bernard walipata jina lao hapo. Mmoja, Barry, husimuliwa kuwa aliokoa watu zaidi ya 40 kati ya miaka 1800 na 1812. Kile kipipa cha pombe shingoni mwake ni hadithi tu.

Mlangoni tulipewa chai ya moto. Sisi ni Walutheri na nyumba ni ya Wakatoliki, lakini hakuna aliyetuuliza dhehebu. Mama mwenyeji wetu alitutazama, akatambua, akamshika mama yetu mkono bila kutukemea.

Usiku ule tulisoma habari za Yakobo katika Mwanzo 33. Esau alitaka waende pamoja, lakini Yakobo akachagua kwenda polepole kwa ajili ya watoto na mifugo inyonyeshayo. Alijua kwamba kundi likikimbizwa siku moja, litakufa.

Wapendwa, nani yuko nyuma nyumbani kwako? Labda ni mtoto mzito wa kusoma, au mume aliyestaafu na kunyamaza, au mama mkwe asiyesikia vizuri. Tunawapikia, tunawafulia, tunawalipia dawa, kisha tunatangulia tukisema watatukuta juu. Tukirudi nyuma tukawapa nafasi ya kutangulia, tutafika tu.

Siku hizi, baada ya ibada, tunamsindikiza mama yetu hadi kwake kwa miguu. Ni mwendo wa nusu saa. Yeye hutangulia.