Taa nyekundu ya batri

Wengi wenu mnaijua ile Toyota Celica ya milango miwili ambayo mwenzetu aliachiwa na marehemu mume wake. Ilitengenezwa kwa mbio. Siku hizi inabeba sufuria za sherehe na mifuko ya unga wetu. Tangu mvua zianze hapa Kolwezi, taa ya batri iliwaka kidogo, ikazima, ikawaka tena. Asubuhi injini ilizunguka kwa uvivu. Fundi mmoja akasema tununue batri mpya. Pesa ya likelemba ilikuwepo, lakini tukamwomba apime kwanza.

Taa ile haisemi kwamba batri imekufa. Inasema umeme haurudi ndani yake vizuri. Kazi ya kuurudisha ni ya alternateri, inayozungushwa na mkanda wa injini. Injini ikiwa imezimwa, batri nzuri huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, kipimo kipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Chetu kilibaki 12.2. Hata batri mpya ingeisha vilevile, na pesa yetu nayo.

Mkanda ulikuwa mzima. Ubaya ulikuwa kwenye waya wa masi, ule unaotoka kwenye batri kwenda kwenye injini: chini ya bulongi kulijaa kutu na lile vumbi letu jekundu, limeloa. Msasa kidogo, bulongi ikakazwa, kipimo kikasoma 14.1. Fundi mwenyewe alicheka.

Wanaotafuta motokari ya zamani, angalieni hili: ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya batri lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua, au muuzaji ameitoa ili usione ugonjwa. Tena katika motokari nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alternateri.

Na fundi akitaka kuchomoa waya wa batri injini ikiunguruma, eti anajaribu alternateri, mkatalieni. Anaweza kuiunguza.

Tunalosumbuka nalo zaidi ni njia ya Likasi usiku. Alternateri ikiacha kazi, taa za mbele zinakula batri mpaka zinafifia, na nyuma yako kuna malori ya shaba. Taa ikiwaka mchana, zima redio na feni, usizime injini mpaka ufike penye watu. Fungurume kuna mafundi. Lakini sindano ya joto ikipanda pamoja na taa hiyo, simama papo hapo: pengine mkanda umekatika, na mara nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji.

Jumamosi mwenzetu anapeleka watoto Likasi kwa bibi yao. Ataondoka saa mbili asubuhi, na msasa uko ndani ya motokari.