Miaka Sitini kwa Hesabu ya Mwezi: Safari ya Pate



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Mwezi uliopita tulitimiza miaka 60. Msomaji anayetujua huenda akashangaa, kwani kitambulisho chetu chasema 58. Hesabu zote mbili ni sawa. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na mwaka wa jua una siku 365 au 366. Tofauti hiyo ya siku kama 11 ikikusanyika, miaka 60 ya Hijria huwa miaka 58 ya miladi na miezi miwili na nusu hivi. Marehemu baba yetu aliandika tarehe ya kuzaliwa kwetu kwa Hijria ndani ya jalada la kitabu chake cha nyiradi, nasi ndiyo tunayoifuata. Tena ni kwa hesabu hiyo ya mwezi ndipo twasema kuwa Mtume (S.A.W.) alifariki akiwa na miaka 63. Basi mwenye kutimiza 60 na akumbuke kuwa imebaki mitatu tu kuufikia umri ambao mbora wa viumbe aliondoka duniani.

Wanetu walitaka kukodi ukumbi na kuagiza keki. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya siku za kuzaliwa, na hapa si mahali pa kuyafungua. Sisi tuliwashukuru kwa mapenzi yao, kisha tukawaomba zawadi nyingine, nayo ni ruhusa ya siku tano, twende kisiwani Pate peke yetu.

Neno hilo "peke yetu" lilimtia wasiwasi mama watoto, naye alikuwa na haki. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku hali yu peke yake. Kwa hiyo tuliafikiana: tutakwenda mchana, katika vyombo vya abiria, na kila kituo tutapiga simu. Upweke tulioutaka haukuwa wa njiani. Tulitaka siku chache ambazo hapana wa kutuita darasani, wala nikaha, wala mazishi, ili tuulize nafsi yetu swali moja: tukiondoka, tutaacha nini?

Basi lilitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, likapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo boti ikatuvusha hadi Lamu, tukalala. Kesho yake tulipanda chombo cha Mtangawanda, ambayo ndiyo gati ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate. Safari hii haina saa ya kudumu, kwani njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, ni nyembamba na huwangoja maji. Nahodha huangalia bahari kwanza, kisha ndipo humwambia abiria saa ya kuondoka. Tulikaa kati ya magunia ya unga, vitanda vya kamba na akina mama waliotoka hospitali na watoto wao, huku mikoko ikipita pande zote mbili. Tulipotokea kwenye maji mapana, tuliona kwa mbali bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi mwaka 2021. Upande wa pili kisiwa cha Pate kilikuwa kimelala chini, kijani, kimya.

Mji wa Pate ulikuwa makao ya masultani wa Kinabahani. Majumba yao ya mawe, yenye vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri, yalijulikana pwani nzima. Leo kuta hizo zimesimama bila paa, na katikati yake watu wamelima tumbaku na kupanda minazi. Ni magofu haya yaliyomfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi, utenzi ambao ndani yake mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Tumeusomesha utenzi huo kwa miaka mingi. Lakini kusoma juu ya ukumbi ulioanguka ni jambo moja, na kusimama ndani ya ukumbi huo ukisikia ndege tu ni jambo jingine.

Kutoka Pate tulikwenda Siyu kwa bodaboda. Huu ni mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na wa mbao, na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Ngome yake ingali imesimama kando ya mkono wa bahari. Katika miaka ya 1840 Bwana Mataka, shekhe wa Siyu, alilirudisha nyuma jeshi la Seyyid Said. Ni habari kubwa, na wanafunzi wetu wa kiume huipenda sana.

Asubuhi ya siku ya tatu tulitembea kwa miguu hadi Shanga, upande wa kusini wa kisiwa. Wachimbuaji waliofanya kazi hapo katika miaka ya 1980 walikuta, chini ya msikiti wa Ijumaa, alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Msikiti ule uliinuliwa tena na tena mahali pale pale, hata ukawa wa mawe. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na watu walioupanga msikiti ule mara ya kwanza hatuwajui hata kwa jina. Tuliswali rakaa mbili karibu na hapo, tukawaombea.

Tuliporudi Siyu, bibi mmoja mwenye nyumba tuliyofikia alituletea uji, akatuuliza:

"Sheikh, umewaaga wanao?"

"Tumewaaga, mama, alhamdulillahi."

"Umewaaga kwa safari hii, ama kwa ile nyingine?"

Hatukuwa na jawabu la haraka, naye hakulingoja. Alichukua bakuli akaenda zake jikoni.

Swali lake lilitukumbusha mwanamke wa kisiwa hicho aliyelijibu miaka mingi kabla yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na yule yule Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimwita binti yake, akamwambia achukue wino na karatasi, akamwachia wasia wa beti zaidi ya mia moja. Alikufa miaka michache baadaye. Majumba ya Pate yameanguka, na ngome ya Siyu hutembelewa na wageni wachache. Maneno ya mama yule yangali yanasomwa Lamu, Mombasa na Unguja. Baadhi ya dada zetu wana hoja juu ya aliyoyasema kuhusu mume, nao wana haki ya kuyajadili. Wajadili, lakini waone pia ujasiri wa mama anayejua kuwa anakufa, naye akachagua kusema na mwanawe maadamu ana pumzi.

Ndugu zetu, hili ndilo tulilorudi nalo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Wengi wetu twalijua hilo, na makabati yetu hayana karatasi hiyo. Kwa hivyo twapendekeza kwa kila familia: mtu anapotimiza 40, 50 au 60, kabla ya keki au baada yake, na akae aandike mambo manne.

La kwanza ni madeni, anayodai na anayodaiwa, hata shilingi mia za dukani. La pili ni amana za watu zilizo mikononi mwake. La tatu ni wasia wa mali: usizidi thuluthi moja, wala usiwe kwa mrithi, kwani warithi fungu lao limekwisha kupangwa na Mola wao. La nne ni nasaha kwa wanawe, kwa maneno yake mwenyewe. Mashahidi wawili waadilifu watie mkono, na mtu wa nyumbani ajue karatasi imewekwa wapi.

Na enyi mama zetu, msidhani kuwa jambo hili ni la wanaume. Dhahabu yako, kiwanja chako na fedha zako za chama ni mali yako, na kaburini hutaulizwa na mume bali na Mola wako. Andika.

Dada mmoja alituuliza kama na yeye, akitimiza 50, ataweza kupata siku kama zetu. Kwa upande wa safari, wanavyuoni wengi wamemtaka mwanamke awe na maharimu wake, na mwana au ndugu akimpeleka Pate kwa adabu atakuwa amepata thawabu. Lakini utulivu hauhitaji boti. Enyi waume na watoto, mpeni mama siku moja nzima. Pikeni nyinyi, oshani nyinyi, pokeeni wageni nyinyi, naye mwacheni na msahafu wake, kalamu na karatasi. Zawadi hiyo ni nafuu kuliko ukumbi.

Sisi tuliuanza wetu Siyu, kwa taa ya kandili baada ya umeme kukatika, na tuliumaliza ndani ya basi tukikaribia Mombasa. Mama watoto ndiye shahidi wa kwanza kuusoma. Allah atujaalie mwisho mwema, sisi na nyinyi, na awarehemu waliotutangulia Shanga, Pate na Siyu, wanaojulikana na wasiojulikana. Amin.

Wabillahi tawfiq.