Siku Tatu Macau

Karata tuliletewa na Wareno, na ushahidi tunao mdomoni mpaka leo. Kopa, uru, pau, shupaza: yote ni majina ya Kireno yaliyokaa pwani hadi yakasahau kwao. Turufu pia ni yao. Hata hiyo meza unayoipigia karata jina lake ni lao. Walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, wakafukuzwa na Waomani 1698, lakini karata waliziacha. Sikuwahi kulifikiria jambo hili kwa uzito mpaka nilipolala siku mbili katika mji mwingine walioushika hao hao Wareno, mji ambao karata ndizo zinazolipa mishahara.

Macau iko kwenye mdomo wa mto Lulu, kusini mwa China. Wareno walikaa hapo tangu 1557, wakaikabidhi kwa China tarehe 20 Desemba 1999. Eneo lake ni kilomita mraba kama 33. Kisiwa cha Mombasa, kuanzia Nyali Bridge hadi Likoni feri, kingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Ndani yake wanaishi watu karibu laki saba, na karne moja iliyopita mji ulikuwa theluthi tu ya ukubwa huo. Kilichobaki ni bahari iliyofukiwa.

Sisi hatukwenda kucheza. Dada yangu huuza viatu na mabegi Mombasa, na mara mbili kwa mwaka husafiri Guangzhou kununua mzigo. Safari hii aliniomba nimsindikize, manake magoti yanamsumbua na masoko ya kule ni ya kupanda ngazi kutwa. Ndege ya kurudi ilikuwa ya Hong Kong, tukawa na siku tatu za bure. Mimi nikasema Macau, iko njiani. Dada alininyamazia kwanza. Halafu akasema, "Twende. Nataka nikaone."

Nilijua anataka kuona nini. Miezi minne kabla ya hapo, mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye aliyekuwa akishika duka Dada akisafiri, alimaliza shilingi 140,000 za mzigo kwenye simu. Si siku moja. Ilichukua wiki mbili na nusu, kwa ule mchezo wa ndege inayopaa huku namba zikipanda, na wewe unatakiwa kubonyeza kabla haijatoweka. Alianza na shilingi 20. Mama alilia siku tatu. Dada hakulia, alichukua funguo za duka na kuziweka kwenye mkoba wake, na tangu hapo hakuzungumza na kijana ila salamu. Hata kule Guangzhou funguo zilikuwa mkobani. Nilikuwa nikizisikia kila alipotafuta pesa ya kulipa.

Tulipanda treni hadi Zhuhai, tukavuka mpaka kwa miguu. Ukitoka tu upande wa pili unakuta mabasi ya kasino yamepanga foleni, makubwa, ya kung'aa, na nauli ni bure. Unachagua jina la hoteli, unapanda. Dada alisimama akayatazama kwa muda. "Mtu akikubeba bure," akasema, "ujue wewe ndiye mzigo." Tukapanda basi la kawaida la kulipia.

Upande wa zamani wa mji ulinishangaza kwa jinsi ulivyofanana na kwetu. Vichochoro vyembamba, nguo zinaanikwa madirishani, pikipiki zinapita pasipopitika, na kila mtaa una jina kwa Kireno na Kichina kwenye vigae vya buluu na vyeupe. Uwanja wa Senado umetandikwa mawe meusi na meupe yaliyochorwa mawimbi. Juu ya kilima kuna uso wa kanisa la Mtakatifu Paulo, yaani uso tu, kwa sababu kanisa lenyewe liliungua 1835 na ukuta wa mbele ukabaki umesimama peke yake juu ya ngazi ndefu. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na neno hilo ndilo lililotupa sisi "gereza". Wasomi wanasema ni sababu ya Fort Jesus na mambo yaliyokuwa yakifanyika ndani. Pembeni mwa kanisa hilo kuna ngome, mizinga bado imeelekezwa baharini. Waholanzi walipouvamia mji Juni 1622 walirudishwa, na katika waliowarudisha walikuwemo Waafrika waliokuwa watumwa wa Wareno. Nilikaa juu ya mzinga mmoja nikawaza walisema lugha gani wakati wa kupakia baruti.

Chini, bandari ya zamani ilishajaa tope. Hapo ndipo hadithi ya kamari inapoanza. Waingereza walipochukua Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1840, yenye maji marefu, meli zikahamia huko, kama majahazi ya Old Town yalivyokuja kufunikwa na Kilindini. Serikali ya Macau ikabaki na mji usio na biashara. Katikati ya karne ya 19 ikahalalisha kamari ili ipate kodi, na haijawahi kurudi nyuma. Kuanzia 1962 biashara hiyo ilikuwa ya kampuni moja, ya tajiri Stanley Ho, hadi 2002 milango ilipofunguliwa na makampuni ya Las Vegas yakaingia. Kufikia 2013 kasino za Macau zilikusanya zaidi ya pataka bilioni 360 kwa mwaka mmoja, kama mara saba ya zile za barabara kuu ya Las Vegas. China nzima, hapa tu ndipo kasino inaruhusiwa. Hesabu ni rahisi.

Usiku ule wa kwanza tulitembea karibu na hoteli ya Lisboa. Jengo jipya la jina hilo limejengwa kama ua la yungiyungi, la dhahabu, linawaka kama harusi. Lakini kilichomshika Dada ni maduka ya rehani. Yako mengi, yamezunguka kasino kama vibanda vya miraa stendi, na madirishani yamejaa saa za mkono. Mia za saa. Dada ni mfanyabiashara, akashuka miwani akaanza kukagua. Alinionyesha moja, ukanda wa ngozi umechakaa kwenye tundu la tatu. "Hii mtu aliivaa miaka," akasema. Hakuongeza neno, lakini hakutaka tuendelee.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, Kiingereza chake cha kuokoteza, na binti yake anagawa karata kasino. Asubuhi akitupa chai alitueleza mambo ambayo nilidhani anatania, kisha nikathibitisha. Kazi ya kugawa karata ni ya wenyeji tu. Mtumishi wa serikali haruhusiwi kuingia kwenye ukumbi wa kamari mwaka mzima, isipokuwa siku tatu za mwanzo wa mwaka mpya wa Kichina. Na tangu mwisho wa 2019, wafanyakazi wa kasino wenyewe wako chini ya katazo hilo hilo nje ya saa zao za kazi. Binti yake anaweza kugawa karata saa nane mfululizo, lakini akivua sare akarudi kukaa upande wa pili wa meza, amevunja sheria. Umri wa kuingia ni miaka 21. Na wakaazi wa kudumu hupewa mgao wa pesa na serikali, miaka ya karibuni ni pataka 10,000 kwa mwaka.

Dada aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo wanajua," akasema.

Siku hiyo tulienda Cotai, ile ardhi iliyofukiwa katikati ya visiwa viwili, Taipa na Coloane. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka majina hayo mawili. Hapo unatembea dakika kumi unakutana na Mnara wa Eiffel, nusu ya urefu wa ule wa Paris, kisha saa kubwa ya London, kisha unaingia Venice. Hoteli ya Venetian ilifunguliwa 2007, na ghorofani ina mifereji ya maji, mashua, waimbaji wanaopiga makasia, na mbingu iliyochorwa ambayo haifiki jioni kamwe. Nitakuwa mkweli, mbingu ile nilipenda kidogo. Kuna ubaridi mzuri pia. Lakini baada ya saa moja kichwa kinaanza kuuma, na hujui ni saa sita au saa kumi.

Ukumbi wa kamari uko chini. Dada alisema hataingia, kisha akaingia kabla yangu. Nilitarajia kelele, kumbe meza ziko kimya. Karibu wote wanacheza baccarat. Mikono miwili, wa mchezaji na wa benki, unaokaribia tisa ndio unashinda. Hakuna ujuzi wowote. Watu wanakunja karata ukingoni polepole, milimita kwa milimita, wengine wanaipuliza kama inaungua. Meza tuliyosimamia, kima cha chini kilikuwa dola 1,000 za Hong Kong, zaidi ya shilingi 16,000 zetu, na mzee mmoja mwenye kandambili aliweka mara kumi ya hiyo bila kuinua macho.

Nikamweleza Dada nilichosoma: katika mchezo huu kasino inabaki na kama dola moja tu, kwa wastani, katika kila mia inayowekwa mezani.

"Moja kwa mia?" Alinitazama kama nimemdanganya. "Mimi nikiuza viatu kwa faida ya moja kwa mia, nafunga mwezi huu."

Akakaa kimya, akahesabu kwa macho. Mkono mmoja wa karata ulichukua chini ya dakika. Akahesabu meza zilizokuwa mbele yetu, akafika arubaini, akaacha. "Si faida," akasema taratibu. "Ni mzunguko. Ile mia inapita pale pale mara mia, hadi imalizike yote." Halafu, bila kunigeukia: "Yule alianza na ishirini, sivyo? Ishirini, ishirini, ishirini."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kumtaja bila mimi kumtangulia.

Tulikula jioni Taipa, kwenye mkahawa mdogo. Wana kuku wanayemwita galinha à africana, yaani kuku wa Kiafrika. Anapakwa rojo la nazi, karanga na piri-piri. Dada alionja, akaonja tena. "Huyu si ni kuku wa kupaka, wameongeza njugu tu." Mhudumu alipouliza kama pilipili imezidi, tulicheka, maana neno lenyewe ni letu, lilisafiri kwa meli zile zile zilizotuletea karata.

Tukiwa mezani alinieleza alichokuwa akikiwaza. Kule mtu akitaka kucheza lazima avae, asafiri, avuke mpaka, aonyeshe kitambulisho. Mji umejengewa kamari nyumba, na wenye nyumba wamewazuia watu wao kuingia. "Kwetu haina hata mlango," akasema. "Iko pale pale kwenye simu ya duka. Mimi nilimwachia mtoto wa miaka ishirini na mbili kasino, nikamwambia auze viatu." Nikamwambia asijitwike lawama. Akasema halaumu mtu, anapiga hesabu.

Asubuhi ya tatu tulipanda basi la daraja. Daraja hilo la Hong Kong, Zhuhai na Macau lilifunguliwa Oktoba 2018, kilomita 55 pamoja na handaki lake la chini ya bahari, na basi huvuka kwa dakika 40 hivi. Maji yalikuwa ya kijivu pande zote. Dada alitoa simu akaandika kwa muda mrefu, akifuta, akiandika. Kisha akanipa nisome kabla hajatuma.

Aliandika kwamba kijana afungue duka Jumatatu, funguo atazikuta kwa Mama. Malipo yote yaingie kwenye namba ya Mama. Simu ya duka aiuze, anunue ya kubonyeza, ya kupiga na kupokea. Mshahara wake utakatwa 5,000 kila mwezi hadi 140,000 ziishe, na akikubali ajibu, asipokubali asijibu.

Alituma. Tuliingia handakini, mtandao ukapotea. Tulipotokea upande wa Hong Kong simu ikalia. Kijana alikuwa ameuliza namba za viatu vya watoto ni kuanzia ngapi, manake shule zinakaribia kufunguliwa.