Lushoto kwa Basi: Panda Mlima na Mpenzi, Shuka na Makopo Yako

Kila wikiendi ndefu ikikaribia swali ni lile lile: "Tunaenda wapi?" Zanzibar mmeshaenda, Bagamoyo mmeshaichoka, na mfuko hauruhusu mbuga za wanyama. Basi mwezi huu tunawapandisha mlimani, Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya Juni au Julai hukai nje bila sweta. Wajerumani walipapenda kiasi cha kupapa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Kwa wapenzi waliozoea kulala na feni, baridi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari.

Ila safari hii ina masharti mawili. La kwanza, gari liacheni nyumbani, mpande basi, Hiace na bodaboda kama wenyeji. La pili, takataka mtakazopanda nazo mtashuka nazo. Mkiona kama adhabu, endeleeni kusoma.

Kona juu ya kona

Kwa wa Dar, safari inaanzia kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo. Yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto. Mkiyakosa, pandeni la Moshi au Arusha mshuke Mombo, chini kabisa ya mlima. Hesabuni saa sita au saba za njiani, pamoja na kusimama kula na kuchimba dawa.

Mombo ni mahali pa kubadilishia usafiri tangu zamani. Reli ya Usambara iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapo mwaka 1905, na waliotaka kwenda juu waliushika mlima kuanzia hapo. Leo mtapata Hiace, Coaster au Noah. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka mnaipita Soni na maporomoko yake.

Ndani ya gari hilo ndipo mtakapojuana. Konda atasema, "Kaka, sogea kidogo mama akae. Shemeji, hebu mpakate huyo mtoto." Kabla hamjafika kona ya tatu umeshapakata mtoto usiyemjua, na kikapu cha mtu kiko miguuni pako. Kuna mtu atanuna safari nzima, na kuna mtu atamuuliza yule mama bei ya viazi mwaka huu. Mchumba unayefikiria kufunga naye ndoa, bora umwone hapo kuliko kwenye hoteli ya nyota tano.

Na msisahau salamu. Asubuhi Wasambaa husema "Onga maundo", mchana "Onga mshi". Ukiitikia hivyo hivyo, hata ukikosea lafudhi, utasogezewa kiti.

Mji unaotumia kitu mara tatu

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko. Nendeni mapema, muangalie sio tu vinavyouzwa bali na vinavyobebea. Viazi vinapimwa kwa sado, yaani ile ndoo ya rangi iliyomaliza kazi yake ukutani kwa mtu. Kabichi ziko kwenye magunia yaliyokwisha kubeba vitu vingine, nyanya zimo kwenye matenga, na mafuta ya kupikia kwenye dumu ambalo kesho litachota maji. Asali imejazwa kwenye chupa iliyokuwa ya Konyagi. Pembeni kuna fundi wa katambuga, na tairi lililochoka barabarani linaanza maisha mapya miguuni.

Majani ya migomba na maganda ya jikoni hayatupwi. Familia nyingi hufuga ng'ombe bandani kwa sababu mlima hauna nafasi ya kuchungia, kwa hiyo maganda yanaliwa na ng'ombe, samadi inakwenda shambani kwenye matuta, na kabichi ile ile inarudi sokoni.

Mkisimama dukani kunywa soda ya chupa ya kioo, muuzaji atawaambia, "Kunyweni hapa hapa, au acheni hela ya chupa." Ni utaratibu tuliokua nao, mpaka tumeacha kuuona. Lakini muulize ndugu yako aliyekwenda kusoma Uppsala au Helsinki, wiki zake za kwanza zilikuwaje. Atakwambia alifundishwa kutenganisha karatasi, kioo, plastiki na mabaki ya chakula, kila kimoja na pipa lake. Atakwambia alikusanya makopo matupu akayapeleka kwenye mashine ya dukani imrudishie hela. Uswidi walianza utaratibu huo kwa makopo ya aluminiamu mwaka 1984, na Ufini chupa ya plastiki ya zaidi ya lita moja inarudisha senti 40 za yuro. Chuoni alikwenda kwa basi au baiskeli, na hakuna aliyemwona maskini.

Mwanafunzi huyo anarudi nyumbani na picha za mashine ile, anasimulia kwa mshangao. Lakini hela ya chupa aliiacha kwa Mpemba wa mtaani tangu ana miaka saba. Kinachobadilika akirudi ni hadhi. Akishapata kazi, basi linakuwa la wasio na gari, na kubeba chupa tupu kunakuwa kwa wasio na kazi.

Tatizo linakuja na sisi

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na ukikutwa nayo faini haipungui shilingi 30,000. Masoko yalibadilika, na Lushoto nayo. Chupa ya maji ya plastiki haikuguswa, na hiyo ndiyo mgeni anayoibeba kwa katoni.

Dar chupa hiyo ina mwenyewe. Ukiiacha, mwokota makopo ataiokota, ataiuza kwa kilo, na itasagwa. Mlimani hesabu ni nyingine. Plastiki tupu ni nyepesi na inajaza gari, na nauli ya kuishusha hadi kwa mnunuzi inaweza kuzidi bei yake. Kijijini nyingi huishia kwenye shimo nyuma ya nyumba, zikachomwa, au kwenye korongo. Masika yakija, korongo linageuka kijito. Maji ya upande wa Soni yanashuka kuelekea Mkomazi, yanaingia Pangani, na Pangani inakwenda baharini. Njiani yanachotwa na kunywewa, yananywesha ng'ombe na kumwagilia mpunga. Ile chupa uliyoiacha Irente kwa ajili ya picha moja ya machweo ina safari ndefu kuliko yako.

Hapa ndipo wapenzi wengi hukwaruzana.

"Baby, tutaonekana waokota makopo."

"Na tuonekane."

Mwingine atasema hoteli tumelipa, wao ndio wajue pa kuzipeleka. Lakini fikiria vizuri: mwenye gesti naye hana mashine ya kusaga plastiki uani. Mnachomlipa ni kitanda na chai, na mkimwachia chupa kumi mmemwachia moto wa kuwasha baada ya ninyi kuondoka. Basi lenu la kurudi linakwenda huko huko wanakonunua makopo. Chupa kumi zilizobanwa zinaenea kwenye mfuko mmoja wa kitambaa.

Mahali pa kwenda

Irente ni kama kilomita sita kutoka mjini. Kwa miguu ni saa moja na nusu, mnapita katikati ya mashamba na watoto wa shule. Kwa bodaboda ni dakika chache, lakini chukueni mbili. Mshikaki una raha yake mjini, ila kwenye mteremko wa mawe ni kutafuta hospitali. Kule mwisho mlima unakatika ghafla, na mnaona Mazinde na nyika ya Wamasai chini kabisa, barabara kuu ikiwa kama uzi. Njiani pitieni Shamba la Irente mnunue mkate, jibini na jemu. Chupa ya jemu ikiisha ni ya kuhifadhia viungo jikoni.

Magamba kuna msitu wa kutembea kutwa, wenye ukungu wa asubuhi na mbega juu ya miti. Mkitaka mbali zaidi, pandeni basi la Mtae. Hutoka Lushoto mchana na kurudi alfajiri mno, kwa hiyo mtalala huko huko. Linabeba abiria, mboga, barua na vifurushi, na konda anamjua kila mwenye mzigo kwa jina.

Kabla hamjafunga mabegi

Bebeni chupa moja moja ya kujazia maji, mkaombe maji yaliyochemshwa pale mnapolala. Chupa ya chai ya kushirikiana nayo ni nzuri kwa matembezi, na kwa mapenzi pia.

Bebeni kikapu cha sokoni. Plamu na mapeasi yakipimwa kwa sado, mama muuzaji atauliza, "Wanangu, namimina wapi?" Muwe na jibu.

Betri zilizokwisha na pedi zilizotumika msizitupe kwenye shimo la choo cha kijijini. Zifungeni vizuri, mrudi nazo mjini.

Masika ulizeni hali ya barabara ya Mombo hadi Soni kabla ya kukata tiketi, maana mawe na udongo huporomoka.

Muwe na chenji ya nauli na ya hela ya chupa.

Na mkishuka Mbezi, msitupe ule mfuko kwenye pipa la kwanza. Hakosekani mwokota makopo karibu na kituo. Mpeni mkononi, mumsalimie, kisha mtafute daladala.