Pengo Linalotembea

Wengi wetu twalijua jina la Kipushi, karibu na Lubumbashi, kwa ajili ya shaba na zinki. Lakini mawe ya mgodi ule yana pia jerimaniamu, madini ya kijivu yenye kung'aa. Ndani ya madini hiyo mna jambo la ajabu: pengo latembea na kufanya kazi kama kitu.

Fikirini ndoo zilizopangwa mstari bombani. Ya mbele ikiondolewa, ya pili husogezwa, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila ndoo imekwenda hatua moja mbele, lakini nafasi tupu imerudi nyuma mpaka mwisho wa mstari. Vivyo hivyo, elektroni moja ikikosekana mahali pake, jirani yake huja kuijaza nafasi, na pengo huhamia kwa jirani. Na kwa kuwa elektroni ina umeme hasi, pengo huwa kama lina umeme chanya.

Mwaka 1879 Edwin Hall, wa Marekani, alionyesha kwamba umeme ukipita katika madini karibu na sumaku, hukusanyika upande mmoja. Hapo hupimwa kama ni hasi au chanya. Madini nyingine zikatoa chanya, watu wakashangaa. Mwaka 1929 Rudolf Peierls akaeleza sababu yake. Halafu mwaka 1947 John Bardeen na Walter Brattain wakapitisha mapengo hayo katika kipande cha jerimaniamu, wakaikuza sauti: ndiyo transista ya kwanza, mama wa redio ndogo za mkononi.

Mwanangu aliniuliza: «Baba, kitu kisichokuwapo chapimwaje uzito?» Swali la haki. Nilimjibu hivi: pengo peke yake si kitu, ondoa elektroni zote, nalo limekwisha. Ni mwendo wa wengi pamoja. Lakini ukitaka kufuata kila elektroni, hutamaliza kamwe. Ukilihesabu pengo moja, na umeme wake na uzito wake, jibu lapatana na kipimo. Wako wasemao kwamba hiyo ni hesabu tu. Mimi sikubali. Kinachofanya kazi hata sauti ikasikika nyumbani si ndoto.

Basi, tusiridhike kuchimba mawe na kuyapeleka ng'ambo. Tuwafundishe watoto wetu kinachotembea ndani yake.