Dawa inayopita mlango wa sukari

Kimya kirefu, si mnajua mambo ya UE. Nilikuwa nyumbani Nyamuswa kidogo, sasa nimerudi Mwanza, maabara kama kawa.

Kule nyumbani mjukuu wa mama mdogo alilazwa na maambukizi ya damu akiwa na siku 4 tu. Mama mdogo akaniuliza: "Mwanangu, nyie si ndio mnapima? Mbona sindano zinaanza kabla ya majibu?" Jamani, swali hilo! Damu tunaiotesha siku 1 au 2 bakteria waonekane, halafu tunawawekea diski za dawa, tunasubiri tena usiku kucha. Kichanga hana muda huo. Daktari anaanza na ampisilini na jentamaisini, kama mwongozo unavyosema, akitumaini wadudu si sugu. Tunachopima leo kinamsaidia daktari kujua amuanzishie nini mtoto mwingine. Mjukuu alipona, tunashukuru Mungu, ila kwa dakika kadhaa nilikosa cha kumjibu mama wa watu.

Ndio maana fosfomaisini imenikosha wiki hii. Inaitwa mpya, kumbe bibi kizee: ilitangazwa 1969, imetoka kwa bakteria wa udongo wa Hispania! Upya wake ni kwa vichanga wetu. Kilifi, Kenya, walianza 2018 kuijaribu kwa vichanga 120, kuangalia dozi na usalama, maana sindano yake ina sodiamu nyingi. 2024 jaribio la NeoSep1 likaanza Afrika Kusini na hapo hapo Kilifi, likiichanganya na dawa nyingine.

Kuipima ndio raha yenyewe. Dawa hii inadandia milango ambayo E. koli anaingizia sukari. Akinusa glukosi-6-fosfeti anafungua mlango, dawa inaingia nayo. Usipoweka hiyo sukari, anaweza kuonekana sugu kumbe siyo. Kwa hiyo diski inakuja na dawa mikrogramu 200 na sukari mikrogramu 50. Asubuhi unachukua rula, unapima duara ambalo wadudu hawakuota. Basi.

Sasa tatizo. Ndani ya duara langu safi kulikuwa na vidoa vitatu. Bakteria akipoteza ule mlango, dawa haipiti, na hilo linatokea haraka kwenye sahani. Ndio maana hawataki kuitoa peke yake.

Vile vidoa nimevichota, nimeviotesha upya. Kesho saa 2 asubuhi nafungua inkubeta.